Toleo jipya ni sawa, lakini moduli zenu ziko wapi?

Wasee, leo nakuja kujisahihisha, na mnajua mimi si mtu wa kujisahihisha ovyo.

Mwaka 2025, Tiny Core Linux ilipofika toleo la 16, nilisimama nje ya nyumba huku Kulamawe nikarekodi video nikipiga kelele kwamba mfumo mzima wa kompyuta una takriban MB 23, yaani ni mdogo kuliko video yenyewe niliyokuwa narekodi. Na ilikuwa kweli, nilipima. Video ikatembea vizuri. Watu wakatoa lapi za zamani chini ya vitanda, wengine wakaniletea mpaka mlangoni. Nikajiona fundi wa kaunti nzima.

Miezi imepita, nimeona kilichofuata, na maoni yangu sasa ni haya: toleo jipya peke yake halimsaidii sana mtu wa Isiolo. Kinachomsaidia ni zile moduli zinazofuata nyuma yake, na kama kuna mtu mtaani anayezitunza. Hilo la pili sikulisema kwenye video hata kidogo, na kuna mama mmoja wa Bulla Pesa alipoteza kazi ya siku mbili kwa sababu sikulisema. Nitafika kwake.

Kwanza kwa ambao hawajawahi kuiona. Ukiiwasha Tiny Core kutoka kwa flashi, inajimwaga yote ndani ya RAM. Unapata skrini tupu, aikoni chache hapo chini, na basi. Hakuna brauza. Hakuna programu ya kuandika. Hakuna ya muziki. Hapa ndipo wengi huniambia, "Buda, hii imeharibika." Haijaharibika. Kila kitu kingine ni kifurushi cha pembeni, faili moja inayoishia na .tcz, unaiweka kwenye folda inayoitwa tce. Ukiitaka kila siku unaiambia ijipakie lapi ikiwaka. Ukiitaka mara moja moja unaiacha ilale mpaka uiite. Na haimwagwi kwenye diski kama programu za Windows. Inabandikwa juu ya mfumo ikiwa imefungwa vilevile. Ukizima na kuwasha, mfumo unaanza upya, msafi kama jana haikuwepo, halafu unabandika vifurushi tena kimoja kimoja.

Akko, yaani nyanya yangu, hajawahi kushika kompyuta, lakini nilipomweleza alielewa haraka kuliko vijana wengi. Yeye alikulia kwenye nyumba za kuhama. Asubuhi fito zinang'olewa, mikeka inakunjwa, kila kitu kinapanda juu ya ngamia, jioni nyumba ileile inasimama mahali pengine. Akaniambia, "Kwa hiyo kompyuta yako inahama kila asubuhi." Nikasema ndio, ni hivyo hasa. Akaniuliza, "Na mkisahau fito kule mlikotoka?"

Nilicheka tu. Ningemjibu swali hilo siku hiyo, nisingeandika haya leo.

Wazo lenyewe si geni, kwa hivyo msidhani nawauzia kitu cha jana. Robert Shingledecker alianzisha Tiny Core mwaka 2008 baada ya kufanya kazi kwenye Damn Small Linux, ile iliyojiapiza kutozidi MB 50. (Damn Small yenyewe ilirudi 2024 ikiwa imenenepa, kikomo chake sasa ni MB 700. Maisha.) Puppy ya Barry Kauler wa Australia ipo tangu 2003, nayo ina moduli zake za SFS. Slax, kutoka Jamhuri ya Cheki, inatumia faili za .sb, na Porteus iliyozaliwa kutoka kwa Slax inatumia .xzm. Majina tofauti, akili ni moja: msingi mdogo, halafu unapachika unachohitaji.

Kwa nini nasema inatufaa sisi kuliko mtu wa Nairobi? Angalia kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure kama zamani. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na lapi nyingi tunazonunua huku ni zile zilizoshatumika ng'ambo, zikatumika Nairobi, zikatumika Meru, ndio zikapanda A2 kuja kwetu. Hizo hazina TPM 2.0, na nyingine RAM ni GB 2. Ukitaka kuilazimisha, faili ya kuweka Windows 11 pekee inazidi GB 5. Nani hapa ana bando ya GB 5 ya kuchezea? Hata Linux Mint, ambayo naipenda sana, faili yake inakaribia GB 3.

Na kabla hamjanishambulia: kama lapi yako ina RAM ya GB 4 na una mahali pa kupakua GB 3, weka Mint, achana na mimi na moduli zangu. Utaishi kwa amani. Mimi naongelea ile lapi ambayo fundi ameshakwambia uuze vipuri.

Sasa hesabu ya bando ndiyo inanifurahisha kabisa. Moduli ikishapakuliwa ni faili ya kawaida. Inaingia kwenye flashi, inatoka kwenye flashi, kama vile tulivyokuwa tunapeana nyimbo na sinema kabla ya kila mtu kujifanya ana waifai. Mtu mmoja anaweza kwenda Nanyuki au Meru, akae mahali penye intaneti nzuri, apakue brauza, programu ya kuandika, kisoma-PDF na vifurushi vyake vya kutegemewa, arudi, na kesho yake lapi 20 zinafanya kazi bila bando hata moja kuguswa. Jaribu hivyo na programu ya duka la simu uone. Kwa mji ambao hata maziwa ya ngamia yanasafiri kwa basi kwenye madumu mpaka Eastleigh na kufika salama, kusafirisha flashi si kazi ngeni.

Ila hapo ndipo nilipojikata.

La kwanza ni kichekesho. Tiny Core ya kawaida, ile ya MB 23, haina waifai. Waifai ni moduli. Moduli iko kwenye intaneti. Intaneti unaipata kwa waifai. Mnaona vile mtu anaweza kukaa na lapi yake akizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti? Nimepokea jumbe za watu wengi walioishia hapo, wakaamua mimi ni muongo. Dawa ipo: kuna CorePlus, kubwa zaidi, ambayo inakuja na vitu vya waifai ndani, hiyo ndiyo unayotumia kuweka mfumo. Au unatumia kompyuta ya mtu mwingine kupakua faili ya wifi pamoja na ya kadi yako, mfano firmware-iwlwifi kwa kadi nyingi za Intel, na zote zinazotegemewa. Nilijua hilo. Kwenye video sikulisema, kwa sababu "MB 23" ilisikika tamu kuliko "MB 23 na halafu".

La pili halichekeshi. Mama niliyemtaja anauza maziwa, yeye na kina mama wengine kwenye kikundi. Walikuwa wanataka kuandika orodha ya wanachama wote, michango ya kila mmoja na madeni, kila kitu kutoka kwa madaftari mpaka kwa kompyuta, ili wakaipeleke mahali walipoambiwa watapewa mkopo. Lapi ilikuwa ya kijana wake, betri imekufa zamani, inaishi kwa waya. Mimi ndiye niliyeiwekea Tiny Core, na nikaondoka nikiwa nimejipiga kifua.

Alichapa siku mbili. Usiku aliiacha ikiwaka, aliinamisha tu kifuniko, maana aliogopa kuizima isije ikapotea. Siku ya pili jioni stima ikaenda.

Kumbukeni nilichosema juu: mfumo wote unaishi kwenye RAM. Folda yako ya nyumbani pia iko kwenye RAM, usipoiambia vingine. Unapozima kwa utaratibu, Tiny Core inafunga vitu vyako kwenye faili inayoitwa mydata.tgz na kuihifadhi. Usipozima kwa utaratibu, haifungi kitu. Mama yule alikuwa hajazima hata mara moja kwa siku mbili, kwa kuogopa kupoteza. Stima iliporudi, mfumo uliwaka msafi, mzuri, mtupu.

Nilipofika alikuwa amekaa na madaftari yake mapajani. Hakunipigia kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniambia tu, "Mwanangu, daftari langu halijawahi kuzimika."

Tulikaa na binti yake tukachapa upya mpaka saa sita usiku, siku mbili mfululizo, na kabla ya hapo nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Ni neno moja unaongeza kwenye mstari wa kuwasha: home=, halafu jina la sehemu ya diski, kwa mfano home=sda1. Kuanzia hapo folda ya nyumbani inakaa kwenye diski, na stima ikienda, ulichokwisha kuhifadhi kipo. Neno moja! Watengenezaji wana sababu zao za kutoliweka tangu mwanzo, wanataka mfumo msafi kila ukiwaka, na kwa mtu anayejua anachofanya ni raha. Lakini mtu aliye na lapi ya betri mfu kwenye mji ambao stima inaenda bila kuaga, huyo usimwekee Tiny Core bila hilo neno. Ukimwekea bila, wewe ndiye mwenye kosa, usiseme ni Linux.

Basi, fito zangu nilizisahau mara ya kwanza hapo. Mara ya pili ilikuwa Merti.

Binamu yangu anafundisha huko. Alikuwa na lapi mbili za zamani anazotaka wanafunzi washike angalau kwa zamu. Nikamtumia flashi kwa gari la Merti: CorePlus ya toleo la 16, na folda nzima ya moduli nilizokuwa nimezikusanya kwa muda mrefu. Nilijivunia ile folda kama mtu wa stampu. Baada ya siku mbili akanipigia. "Bro, zinawaka, lakini nikitumia moduli zako haishiki waifai, na programu nyingine zinakataa kufunguka."

Ilichukua simu tatu nigundue ujinga wangu. Nusu ya folda ilikuwa ya toleo la 15. Tiny Core huweka moduli za kila toleo kubwa kwenye ghala lake, za 15 mbali na za 16, na kuna sababu. Toleo la 15 lina kerneli ya 6.6, la 16 lina ya 6.12, na moduli ya waifai imetengenezwa kwa kerneli yake hasa, kama ufunguo na kufuli. Nyingine zinaweza kubahatisha zikafanya kazi, nyingine zinakufa kimyakimya bila hata kusema tatizo ni nini. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni dakika 5: unafungua programu ya Apps, unapakua upya. Kwa Merti ni kusubiri gari lingine.

Ndio maana nasema, na hapa ndipo wengine mtaniita adui wa maendeleo: tusikimbilie kila toleo. Tukubaliane kama mji. Tuchague toleo moja, tukae nalo mwaka au zaidi, na flashi zote zinazotembea kutoka Kambi ya Juu mpaka Garba Tulla ziwe za toleo hilo hilo. Toleo jipya likitoka, mtu mmoja au wawili walijaribu kwanza kwenye lapi ambayo haina kazi ya mtu, wakusanye moduli zote za msingi, wahakikishe zinashikana, ndipo tuhame pamoja. Wafugaji hawahami mmoja mmoja kwa sababu mtu ameona wingu.

Rafiki yangu mmoja wa saiba ananipinga, na ana hoja. Anasema kukaa na toleo la zamani ni kukaa na mashimo ya usalama, na watu huku wanaingia eCitizen na iTax kwenye hizo lapi. Sawa. Lakini hatari kubwa kwa mtu wa kawaida iko kwenye brauza, na uzuri wa moduli ni kwamba brauza unaweza kuibadilisha peke yake bila kugusa kingine. Kwa hivyo brauza ibadilishwe mara kwa mara, hata kila mwezi, na mengine yatulie. Bado hajakubali kabisa. Anasema watu ni wavivu, hawatabadilisha. Hapo sina jibu zuri, ananishinda.

Kuna jingine analosema ambalo nakubaliana naye mia kwa mia: flashi ya mtu usiyemjua ni kama kikombe cha mtu usiyemjua. Kila moduli ya Tiny Core huja na faili ndogo ya md5 ya kupimia kama imefika nzima. Inasaidia kujua flashi haikuharibu kitu njiani. Haisaidii mtu mwenye nia mbaya akibadilisha zote mbili, moduli na kipimo chake. Kwa hiyo md5 za flashi ya mtaa zilinganishwe na za ghala lenyewe, na mtu anayezilinganisha awe ni mtu tunayejua nyumba yao.

Na nyinyi wenye zile lapi ndogo za enzi za 2009, zenye Atom N270, nawapenda lakini lazima niwaambie. Hizo ni za biti 32. Tiny Core bado inawatengenezea, na inadai RAM ya MB 46 tu ili iwake, MB 128 ikiwa unataka kupumua. Ila dunia ya brauza inawaacha. Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu 2016, na Firefox ikafuata mwishoni mwa 2025, toleo la 145. Mfumo utawaka haraka kama taa, halafu ukurasa mmoja wa HELB utaipiga chini. Zitumieni kuandika, kusoma PDF, kujifunza Python, kucheza muziki dukani. Msiniletee mkitaka YouTube. Core 2 Duo ni hadithi nyingine, hizo ni za biti 64, mchukue TinyCorePure64 na hakikisheni moduli pia ni za ghala la biti 64. Ndio, ni ghala jingine tena. Najua.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Menyu zote ni Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, wakati mimi hata sijaanza shule. Mfumo wa moduli ndio mahali rahisi kabisa pa kurudisha kitu kama hicho: faili moja yenye tafsiri, unaibandika, mama wa maziwa anasoma "Hifadhi" badala ya kubahatisha. Nimeanza kutafsiri menyu ya programu moja ndogo. Nimekwama kwenye neno la "mount", kila ninaloandika linasikika kama kupanda farasi. Mwenye neno zuri aniambie.

Kwa sasa nimefanya hivi. Nimefuta ile folda yangu ya mchanganyiko, yote. Nimekusanya upya za toleo la 16 peke yake, kwenye folda mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na md5 zake nimezipima moja baada ya nyingine nikiwa Meru kwenye waifai ya watu. Ndani nimeweka karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza kabisa ni home=. Flashi ya kwanza imepanda gari la Merti jana asubuhi. Ya pili anayo kijana wa yule mama, na yeye ndiye anayewawekea watu wa Bulla Pesa sasa, mimi nimejitoa. Ya tatu iko mezani kwangu. Kuna mtu anaenda Kinna wiki hii?